Kosa ni la nani? Fikira juu ya Rita Hayworth wa sinema

Waswahili husema: Macho hayana pazia. Ni neno la kweli, lakini wengi hulitumia kwa kujitetea. Mtu amemtazama mke wa jirani mpaka moyo wake umechafuka, kisha asema: «Nifanye nini? Macho hayana pazia. Ni yeye aliyepita mbele yangu namna ile.» Basi kosa limekwisha kuhama. Limetoka kwa mwenye kutazama, limekwenda kukaa juu ya mwenye kutazamwa.

Je, hiyo ni haki? Hilo ndilo swali tunalotaka kulichungua leo pamoja nanyi, wasomaji wapendwa. Na tusije tukasema maneno yasiyo na mwili, tutalichungua katika maisha ya mtu mmoja aliyetazamwa kuliko karibu wanawake wote wa wakati wake. Ni Rita Hayworth, mchezaji wa sinema wa Marekani, aliyezaliwa mwaka 1918 na kufa mwaka 1987. Wazee wengi walipata kuliona jina lake juu ya milango ya sinema. Vijana waweza kuziona filamu zake hata leo katika simu zao.

Pengine mmoja wenu atashangaa: Kwa nini gazeti la misioni lizungumze juu ya mwanamke wa sinema aliyeolewa mara tano? Twajibu: kwa sababu ni rahisi kumtendea haki mwanamke ambaye hakuna mtu amsemaye vibaya. Haki yetu yapimwa mbele ya yule ambaye watu wamekwisha kumhukumu.

Tena kuna sababu nyingine. Tangu miaka hamsini sasa, wanawake wenye elimu wanaotetea haki za wanawake, na wanaume pia pamoja nao, wamezichukua filamu za zamani na kuzitazama upya. Wanauliza: Mwanamke alitendewaje mbele ya kamera, na alitendewaje nyuma yake? Wakristu wengine waiogopa kazi hiyo, wakidhani kila atajaye haki za wanawake ataka kuvunja nyumba za watu. Sisi twaona kwamba katika jambo hili swali lao laelekeana na Injili, na lafaa tulisikilize.

Margarita afanywa Rita

Jina alilopewa na wazazi wake ni Margarita Carmen Cansino. Alizaliwa Brooklyn, katika mji wa New York, tarehe 17 Oktoba 1918. Baba yake, Eduardo Cansino, alikuwa mchezaji wa dansi kutoka Hispania. Mama yake aliitwa Volga Hayworth, Mmarekani. Ukoo wa baba ulikuwa ukoo wa dansi, na mtoto alifundishwa kucheza tangu alipokuwa mdogo sana.

Alipokuwa bado msichana mdogo, baba yake alimfanya kuwa mwenzi wake wa dansi. Kwa kuwa sheria ya Kalifornia haikumruhusu mtoto wa umri ule kufanya kazi katika nyumba za pombe, walivuka mpaka wakacheza Tijuana na Agua Caliente, katika nchi ya Meksiko, ambako Wamarekani walikwenda kunywa na kucheza kamari. Masomo yake yalikatika mapema. Fedha yake ilisaidia kulisha nyumba.

Mwaka 1989, Rita alipokuwa amekwisha kufa, mwandishi Barbara Leaming alitoa kitabu cha maisha yake. Humo aliandika, kwa kufuata masimulizi ya Orson Welles aliyekuwa mume wa pili wa Rita, kwamba baba yule alimtendea binti yake mambo ambayo baba hapaswi hata kuyawaza. Wenyewe wamekufa wote, wala sisi si mahakama. Lakini hata tukiliacha neno hilo kando, yale yaliyo wazi yatosha kutuhuzunisha: mtoto aliyepaswa kuwa darasani alisimamishwa usiku mbele ya macho ya walevi, ili wakubwa wapate riziki. Huko ndiko alikoanza kutazamwa. Hakuna aliyemwuliza kama alipenda.

Huko Agua Caliente watu wa sinema walimwona, wakampeleka Hollywood. Mwaka 1937 aliingia katika kampuni ya Columbia, ambayo mkuu wake alikuwa Harry Cohn, mtu mkali sana. Mwaka huo huo aliolewa na Edward Judson, mwanamume ambaye umri wake ulikuwa kama mara mbili ya wake, na ambaye alijifanya msimamizi wa kazi yake. Ndipo kazi ya kumtengeneza ilipoanza.

Walisema jina Cansino lina sauti ya Kihispania mno. Wakamwita Hayworth, jina la ukoo wa mama yake. Walisema nywele zake nyeusi ni za mgeni. Wakazitia rangi nyekundu. Walisema paji la uso wake ni fupi. Wakaichoma mizizi ya nywele zake kwa umeme, unywele baada ya unywele, kazi yenye maumivu iliyochukua muda mrefu. Hata sauti haikuachwa: katika filamu zake za nyimbo, mara nyingi mwanamke mwingine aliimba, na Rita alifumbua mdomo tu. Basi watazamaji waliposema, «Tazama uzuri wa Rita!» walikuwa wanasifu kwa sehemu kubwa kazi ya kampuni.

Tuongeze jambo la mkataba, maana ni jambo la mshahara na wafanya kazi wetu watalifahamu mara moja. Siku zile mchezaji wa Hollywood alitia sahihi mkataba wa miaka mingi, mara nyingi saba. Kampuni ilichagua filamu atakayocheza. Iliweza kumwazima kwa kampuni nyingine kama vile mtu aazimavyo jembe. Akikataa kazi, alisimamishwa bila mshahara. Mwenye uso hakuwa bwana wa uso wake.

Filamu iliyouliza swali letu

Filamu iliyolipeleka jina lake duniani kote ni Gilda, iliyotoka mwaka 1946. Mwongozaji wake alikuwa Charles Vidor. Aliyeisimamia alikuwa mwanamke, Virginia Van Upp, na wanawake wenye cheo kama hicho walikuwa wachache sana katika Hollywood.

Hadithi yenyewe ni hii. Katika Buenos Aires, mji mkuu wa Argentina, tajiri mwenye nyumba ya kamari amemwoa Gilda. Msaidizi wake, Johnny Farrell, alipata kupendana na Gilda zamani, na mapenzi yao yamegeuka kuwa chuki. Tajiri adhaniwa amekufa. Johnny amwoa Gilda, si kwa kumpenda, bali kwa kumwadhibu, maana aamini kwamba yeye ni mwanamke wa kila mtu. Amweka kama mfungwa. Hakai naye, wala hamwachi aende zake. Watumishi wake wamfuata kila mahali.

Usiku mmoja, kwa hasira na uchungu, Gilda aingia ukumbini mbele ya wanaume. Amevaa nguo nyeusi yenye kung'aa. Aimba na kucheza, avua glavu moja ndefu, na kuwatupia watu. Ataka kusema: «Mmeniita mwovu, haya, mtazameni mwovu wenu.» Johnny amvuta nje na kumpiga kofi.

Wimbo anaouimba huitwa «Put the Blame on Mame». Ni wimbo wa mzaha, lakini mzaha wake una mwiba. Wasimulia kwamba moto mkubwa ulioteketeza Chicago mwaka 1871, theluji iliyofunga njia za New York, na tetemeko la nchi la San Francisco la mwaka 1906, hayo yote yaliletwa na mwanamke mmoja jina lake Mame. Msomaji aona maana yake: kila baya litokealo, mtwisheni mwanamke.

Na mwishoni mwa filamu, afisa wa polisi amwambia Johnny kwamba yale yote aliyomshuku Gilda, hakuyatenda hata moja. Alijionyesha mbaya ili amwumize yeye aliyemdhania mbaya.

Kumbe, filamu yenyewe ilikuwa imeuliza swali letu, na kulijibu! Lakini watazamaji walikumbuka nini? Walikumbuka glavu. Tusifiche pia kwamba watengenezaji walijua hivyo tangu mwanzo. Filamu ile yawashutumu wanaume wanaomtazama Gilda, na papo hapo yauza tiketi kwa kumwonyesha. Ndiyo hila ya biashara hii: huhubiri kwa mdomo mmoja na kula kwa mdomo wa pili.

Rita mwenyewe alipata kusema, na neno lake limerudiwa mara nyingi, kwamba wanaume katika maisha yake walimpenda Gilda, kisha asubuhi walimkuta yeye tu. Wasomaji wapime huzuni iliyo katika neno hilo. Mume anamtafuta mtu ambaye hayupo, na aliyepo hamwoni.

Picha juu ya bomu

Yako mambo ambayo hakuna mtunzi wa hadithi angeyatunga. Tarehe 1 Julai 1946, Wamarekani walijaribu bomu la atomiki katika kisiwa cha Bikini, kwenye Visiwa vya Marshall, katika bahari ya Pasifiki. Wenyeji 167 walikuwa wamehamishwa kutoka kwao mwezi wa Machi. Bomu lile liliitwa Gilda, na juu yake ilibandikwa picha ya Rita Hayworth.

Waliolifanya hilo walidhani wanamsifu. Orson Welles alisimulia kwamba Rita alipopata habari alishikwa na hasira kubwa, akataka kupinga hadharani, lakini Harry Cohn alimkataza. Siku chache tu baadaye, mwezi huo huo, fundi mmoja wa Paris alionyesha vazi dogo la kuogea la wanawake na kuliita bikini, kwa jina la kisiwa kile. Mwili wa mwanamke na bomu viliwekwa katika sentensi moja, na ulimwengu ulicheka.

Sisi wa Kongo hatuwezi kuisoma habari hiyo kama habari ya mbali. Sehemu kubwa ya uranyumu iliyotumiwa na Wamarekani katika kazi yao ya mabomu ya kwanza ilichimbwa katika nchi yetu, Shinkolobwe, huko Katanga, karibu na Likasi. Wachimbaji hawakuambiwa mawe yale yanakwenda kufanya nini. Jiwe lilichukuliwa, na mwenye nchi hakuulizwa. Sura ilichukuliwa, na mwenye sura hakuulizwa. Mtu aliyeonja dhambi hiyo kwa upande mmoja yafaa aifahamu upesi kwa upande wa pili. Kumfanya mtu au nchi yake kuwa kitu cha matumizi, hiyo ni dhambi moja, ingawa ina nguo nyingi.

Wanaotazama upya wanasema nini?

Mwaka 1975 mwanamke wa Uingereza, Laura Mulvey, aliandika makala juu ya sinema ambayo imesomwa sana katika vyuo vikuu. Fikira yake, tukiisema kwa ufupi, ni hii: katika filamu nyingi za Hollywood, mwanamume ndiye atendaye, na mwanamke ndiye atazamwaye. Kamera yasimama mahali pa mwanamume. Mtazamaji, akiketi gizani, aazimwa macho hayo bila kujua.

Twakubali kwamba neno hilo ni la kweli, nasi tuna ushahidi mkubwa kuliko wa vyuo. Tusome katika Kitabu cha Danieli, sura ya 13, habari za Suzana. Wazee wawili, waamuzi wa taifa, walizoea kumvizia mwanamke mwaminifu akitembea katika bustani ya mume wake. Siku moja alipotaka kuoga, walijificha wakamtazama. Alipowakataa, walimshitaki kuwa ni mzinzi, na mkutano wote uliwaamini, maana walikuwa wazee na waamuzi. Suzana alikwisha kuhukumiwa kufa. Danieli, kijana tu, alifanya jambo moja ambalo hakuna mtu alilifikiri: aliwauliza waliotazama. Aliwatenga, akamwuliza kila mmoja ni chini ya mti gani walipoona tendo lile. Majibu hayakulingana, na ukweli ukatoka.

Wasomaji watambue: mpaka hapo maswali yote yalikuwa juu ya Suzana. Danieli alipowageuzia maswali wenye macho, hukumu iligeuka. Ndiyo kazi wanayotaka kuifanya wale wanaozichungua filamu za zamani. Si kazi ya kishetani.

Lakini tuna onyo moja. Wengine, kwa kumhurumia Rita, humwonyesha kama mtu aliyeteswa tu, mtu asiyekuwa na nia wala uwezo. Hiyo pia ni namna ya kumnyima utu wake. Rita alikuwa mfanya kazi hodari. Dansi haikuwa uongo wa kampuni. Ilikuwa kazi ya miguu yake mwenyewe, aliyojifunza kwa jasho. Alicheza na Fred Astaire, bingwa wa dansi wa Hollywood, katika filamu mbili za mwaka 1941 na 1942, akamfuata hatua kwa hatua. Na Astaire, aliyekuwa mkali sana katika kazi, alimheshimu kweli. Mwaka 1947 Rita aliunda kampuni yake mwenyewe, Beckworth, jina alilolitunga kwa kuunga jina la binti yake Rebecca na la kwake, ili apate sehemu ya faida na sauti katika uchaguzi wa filamu. Yule aliyeazimwa kama jembe alitaka kuwa na shamba.

Kwa hiyo twasema hivi: alidhulumiwa, naye alikuwa na hiari. Yote mawili ni kweli. Mwanadamu hawi jiwe, hata akikanyagwa.

Majibu kwa wanaopinga

Wa kwanza atasema: «Lakini yeye alikubali. Alipata fedha na sifa.» Twajibu: Kukubali kwa mtu aliyezoeshwa tangu utoto, na mwenye mkataba usiofunguka, ni kukubali kwa namna gani? Na hata kama angekubali kwa hiari yake yote, je, ruhusa ya aliyetazamwa yamfungulia mwenye kutazama milango yote? Kristu katika mahubiri ya mlimani hakusema neno juu ya nguo za mwanamke. Alisema juu ya jicho na moyo wa mwanamume. Tarehe 8 Oktoba 1980, Papa Yoane Paulo II alifundisha kwamba mume aweza kutenda dhambi hiyo ya moyo hata kwa mke wake wa ndoa, kama anamtazama kuwa chombo tu cha kutuliza tamaa yake. Magazeti mengi yalishangaa na kupiga kelele. Lakini ikiwa ndoa yenyewe haimpi mume haki ya kumfanya mke wake kitu, tiketi ya sinema itampaje mtu haki hiyo?

Wa pili atasema: «Je, mwanamke hana wajibu wa kuwa na haya?» Anao, kama mwanamume naye alivyo nao. Eklezia haijalifuta fundisho hilo. Papa Pio XI mwaka 1936, na Papa Pio XII mwaka 1957, waliandika barua kwa Eklezia yote juu ya sinema. Hawakuilaani, bali walisema yaweza kuwainua watu au kuwaangusha, na walidai uangalifu kwa wote, watengenezaji na watazamaji pia. Lakini kila mtu ana mzigo wake. Wajibu wa mwanamke haupunguzi hata chembe wajibu wa mwanamume. Katika paroki nyingi wasichana wamesikia mahubiri mengi juu ya sketi zao. Wavulana wamesikia machache juu ya macho yao. Mzani wa namna hiyo hausimami sawa.

Wa tatu atasema: «Aliolewa mara tano. Mtamsifu?» Hatusifu. Ndoa ni kifungo cha mpaka kufa, na fundisho hilo halina njia ya pembeni. Mwaka 1949 alipoolewa huko Ufaransa na Prince Aly Khan, mwana wa Aga Khan, kiongozi wa Waismaili, watu wengi walichukizwa, na Wakatoliki walikuwa na sababu ya kuhuzunika. Walakini Bwana wetu ametufundisha kutenga tendo na moyo. Tendo twaweza kulipima. Moyo hatuna mzani wake. Mtoto aliyefundishwa na watu wake wa kwanza kwamba kupendwa ni kutumiwa, atajifunza wapi upendo wa kudumu? Mungu ajua. Na tukumbuke yule mama aliyeletwa mbele ya Yezu katika sura ya 8 ya Injili ya Yoane. Walisema amekamatwa katika tendo la uzinzi. Kama alikamatwa katika tendo, hakuwa peke yake. Mwenzake alikuwa wapi?

Hukumu ya mwisho ya watu

Habari ya miaka yake ya mwisho yatufundisha kuliko yote. Tangu miaka ya 1960 Rita alianza kusahau maneno yake ya filamu. Alikuwa akighadhibika ghafula, akashindwa kujifunza kazi mpya. Filamu yake ya mwisho ilitoka mwaka 1972. Watu walisema: «Ni pombe.» Mwaka 1976 alishuka kutoka ndege huko London akiwa amechanganyikiwa, nywele zimevurugika, wapiga picha walikuwa wakimngojea, na picha zake zilienea katika magazeti. Ulimwengu uliomtazama alipokuwa mzuri ulimtazama tena alipokuwa ameharibika, na kwa mara nyingine hakuna aliyeuliza ana nini.

Kunywa alikuwa amekunywa katika maisha yake, hatukatai. Lakini waganga walitambua baadaye kwamba alikuwa na ugonjwa wa Alzheimer, ugonjwa unaokula akili kidogo kidogo. Mwaka 1981 jambo hilo lilijulikana kwa watu wote. Binti yake Yasmin, aliyezaa na Aly Khan, alimchukua akamtunza mpaka mwisho, kisha akafanya kazi kubwa ya kukusanya fedha kwa ajili ya uchunguzi wa ugonjwa huo. Kwa sababu ya jina la Rita, watu wengi waliusikia ugonjwa wa Alzheimer kwa mara ya kwanza. Jamaa nyingi zilizodhani mama yao ni mkorofi au amerogwa zilifahamu kwamba ni mgonjwa.

Wasomaji wa Kongo, neno hilo la mwisho latupasa sisi pia. Wako mama wazee katika miji yetu wanaofukuzwa nyumbani na kuitwa wachawi, kwa sababu wanasahau, wanapotea njiani, wanasema peke yao usiku. Nao vilevile wanatazamwa bila kuulizwa. Ni kosa lile lile: twaona dalili ya nje, twatunga hadithi, twamtwisha mwanamke.

Rita Hayworth alikufa New York tarehe 14 Mei 1987. Maziko yake yalifanywa katika kanisa Katolika la Good Shepherd, huko Beverly Hills, akazikwa katika makaburi ya Holy Cross, Culver City. Alikuwa na umri wa miaka 68.

Basi tufanye nini?

Hatusemi tufunge sinema, wala tuzime simu zote. Papa Yoane Paulo II, katika barua yake kwa wanawake ya mwaka 1995, alikiri kwamba mara nyingi heshima ya mwanamke haikutambuliwa katika historia, akawashukuru waliojitoa kuitetea. Twende katika njia hiyo kwa mambo madogo yaliyo mikononi mwetu.

Kwanza, wanaume. Neno «macho hayana pazia» lisiwe hati ya kujitetea tena. Macho hayana pazia, ni kweli. Lakini moyo una mlango, na ufunguo umepewa wewe. Unapoona picha ya msichana katika simu, jiulize: Ni nani huyu? Ni nani aliyempiga picha hii, na kwa faida ya nani? Naye aliulizwa? Mtu ajiulizaye hivyo ameanza kumwona mtu. Na picha iliyoletwa kwako bila ruhusa ya mwenyewe, isipite mkono wako kwenda kwa mwingine.

Pili, wazazi. Binti mwenye sauti nzuri au mwili mzuri si akiba ya fedha ya jamaa. Msimpeleke mbele ya watu wakubwa kabla hajamaliza masomo yake, hata kama mwenye okestra au mwenye duka analeta noti nyingi. Talanta yake ni ya Mungu na ya kwake. Ninyi ni walinzi tu.

Tatu, wasichana. Sifa za watu wengi si upendo. Wao huipenda picha, na picha haili wala hailii. Mtafute wale wanaojua jina lenu. Na mkiwa na kipaji, jifunzeni kusoma mkataba kabla ya kutia sahihi, na mdai sehemu yenu, kama Rita alivyofanya mwaka 1947.

Nne, sisi sote, tunapoketi chini ya mwembe kuzungumza habari za watu. Mara nyingi hadithi huanza na mwanamke fulani na kuishia na mwanamke yule yule. Awepo mmoja kati yetu afanyaye kazi ya Danieli, aulize kwa upole: «Na wale waliotazama, walikuwa chini ya mti gani?»

Tena tuiombee roho ya Margarita Cansino. Walimbadilisha jina, nywele na sauti, lakini Muumba wake amjua tangu tumboni mwa mama yake, na hajapata kumchanganya na Gilda.